Kitufe cha Msaada

Umeme wa Mtwara ulikuwa umerudi baada ya kukatika asubuhi nzima, na kila mtu ndani ya intaneti kafe ya Bi Mwaisha alikuwa na haraka ya kuutumia kabla haujaghairi. Mzee Abdulmalik peke yake hakuwa na haraka. Alikuwa amekuja kutafutiwa matokeo ya mtihani ya mjukuu wake. Matokeo yalipatikana, mjukuu alikuwa amefeli, na sasa Mzee alikuwa akisoma kila neno lililobaki kwenye kioo cha kompyuta ili safari yake isiende bure.

"Kule juu, pembeni," alisema akinyoosha kidole, "pameandikwa nini?"

"Wapi, Mzee wangu?" aliuliza Bwanaheri.

"Pale. M, S, A... Msaada." Alivua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa tena. "Msaada wa nini? Unga au vyandarua?"

Bwanaheri alifungua mdomo ili aseme kweli. Jambo hili ni vema liandikwe kwa heshima yake, kwa kuwa halikutokea tena katika kisa hiki. Kweli yenyewe ilikuwa fupi. Tovuti ya serikali ilikuwa na kitufe cha kumwelekeza mgeni: abonyeze wapi, herufi azikuze vipi, akipotea arudi wapi. Msaada ulikuwa huo, basi. Lakini kabla sauti haijatoka, Bwanaheri aliyaona macho ya Mzee. Mzee Abdulmalik alikuwa na nyumba tatu Chikongola na ghala lililojaa korosho, na macho yake wakati ule yalikuwa ya mtu aliyekwisha kushiba harusini, kisha akaona sinia jingine la pilau likipelekwa kwenye mkeka wa wengine.

"Mzee wangu," alisema Bwanaheri kwa sauti ya chini, "nani amekuonyesha neno hilo?"

"Nimelisoma mwenyewe! Nangu, mimi huyu, nilianza kusoma kabla baba yako hajatahiriwa."

"Basi tulisome hivyo hivyo, kimya kimya. Tukilitangaza, watakuja wote."

"Wote nani?"

"Maskini," alisema Bwanaheri.

Mzee alisogeza kiti karibu.

Hapa inafaa msomaji amjue kijana huyu. Bwanaheri alikuwa na shati lililopigwa pasi, kalamu mfukoni ambayo wino wake ulikauka zamani, na muhula mmoja wa chuo cha biashara. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wageni wa tovuti ya serikali. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Alikaa ndani ya kafe, akasubiri mtu aonekane kukiogopa kipanya, akasogea na kusema, "Niruhusu." Kwa njia hiyo alipata chai, mara nyingine chapati, na jina la Mtaalamu.

Tatizo lake lilikuwa paa. Huko Mtawanya, pembezoni mwa mji, alikuwa amesimamisha kuta za nyumba na kenchi juu yake, kisha akaishiwa. Mzee Omari wa Mikindani, baba yake Zulfa, alikwenda kuziona kenchi hizo, akatazama mbingu katikati yake, akasema, "Binti yangu halali chini ya nyota. Mvua ya kwanza ikiikuta nyumba hii wazi, nitajua kwamba istikhara yangu imejibiwa." Huo ulikuwa mwezi wa Oktoba, mwaka 2006. Mvua ya kwanza Mtwara huja kabla mwaka haujafunga hesabu. Zulfa mwenyewe alimwambia waziwazi kwamba yupo mwenye duka Ligula ambaye hana muhula wowote wa chuo, ila ana bati.

Kwa hiyo Mzee Abdulmalik alipouliza masharti ya msaada, Bwanaheri hakufikiri sana. Jibu lilikuwa likimkosesha usingizi tangu mwezi wa Ramadhani.

"Sharti ni moja. Uwe maskini."

"Hilo si gumu," alisema mwenye nyumba tatu.

"Ni gumu, Mzee wangu. Zamani mtendaji alikuja na daftari, ukamkirimu kuku, akaandika unachotaka. Sasa serikali inaangalia kutoka juu. Kuna setilaiti."

Mzee alitazama dari. "Inatuona?"

"Hapa tumo ndani. Setilaiti haioni uso wala mfuko. Inaona paa. Bati linang'aa, inaandika: huyu tajiri, mruke. Makuti hayang'ai, inaandika: huyu apewe."

"Ngoja kwanza, kijana. Bafu langu la uani halina paa. Inaniona?"

"Inakuona, Mzee. Lakini hiyo inakusaidia, maana bafu lisilo na paa ni dalili ya dhiki."

Mzee Abdulmalik alifikiri. Alifikiri kama anavyofikiri mnunuzi wa korosho mbele ya mzani, kwa kidole gumba na kwa ulimi. "Na bati nikiliezua, nikaliweka uani?"

"Litang'aa uani."

"Chini ya mwembe?"

"Ina macho makali. Bati likae mahali penye dari la zege, mpaka ukaguzi upite. Kisha unaezeka tena, na msaada mkononi." Akaashiria mlango wa nyuma. "Bi Mwaisha ana stoo ya zege hapo nyuma. Naweza kumwomba. Ila fedha yako sitaipokea. Fedha ni rushwa, na mimi rushwa siiwezi."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomshinda Mzee. Katika maisha yake ya biashara hakuwahi kukutana na tapeli aliyekataa fedha, kwa hiyo aliamini kwamba huyu si tapeli.

Siku ya tatu nyumba yake kubwa iliezuliwa. Lilikuwa bati la buluu, lililopakwa rangi kiwandani na kuletwa kutoka Dar es Salaam, na hakukuwa na jingine kama hilo mji mzima. Majirani walipouliza, Mzee alisema linavuja. Kwa kuwa alisema hivyo akiwa amenyong'onyea sana, hakuna aliyemwamini, na kabla ya Ijumaa siri ilikuwa imefika Shangani.

Bi Helena, Mmakua wa Masasi mwenye nyumba ya wageni karibu na stendi, aliingia kafe akiwa amevaa kanga iliyochanika. Kanga hiyo aliiazima kwa mpishi wake.

"Mtaalamu, mwanangu, nionyeshe na mimi hilo neno. Mimi ni mjane."

"Pole, mama. Baba alifariki lini?"

"Hajafariki. Yupo, anasoma gazeti. Lakini kwa jambo kama hili naweza kuwa mjane mpaka ukaguzi upite."

Bwanaheri alimfungulia ukurasa. Pembeni, juu, neno lilikuwepo, nyeupe juu ya kijani: MSAADA. Bi Helena alilitazama kwa upole ambao mume wake hakuuona miaka mingi.

"Kibonyeze basi tuone kiasi gani."

Hapo palikuwa na hatari, na Bwanaheri alikuwa amejiandaa kuikabili. Chini ya meza kulikuwa na ekstensheni ya umeme. Alisogeza kiatu, kioo kikawa cheusi.

"Umeme!" alilalamika Bi Helena.

"Umeme, mama. Na heri umekatika. Kitufe hiki ukikibonyeza paa lako likiwa linang'aa, kinakukataa moja kwa moja. Ezua kwanza."

Bi Helena aliezua vyumba vya wageni wote, akaacha chumba kimoja cha afisa wa mradi wa gesi aliyelipia mwezi mzima. Baada yake alikuja mwenye mashine ya kusaga, kisha mstaafu mmoja wa bandari, kisha watu waliojifunika nyuso kwa miavuli ingawa jua lilikuwa la kawaida. Wote walikuwa na uwezo. Maskini halisi hakufika hata mmoja, kwa kuwa maskini hakuwa na bati la kuficha. Ila yeye pia alipata sehemu yake: walioezua bati waliezeka makuti, na bei yake ilipanda kiasi kwamba wanawake wa vijijini waliacha muhogo, wakakaa kusuka makuti asubuhi mpaka jioni. Hivyo ndivyo msaada ulivyowafikia walengwa, bila semina.

Aliyebaki kimya ni Bi Mwaisha. Alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, Mmakonde wa Nanyamba aliyeuza mikorosho ya marehemu mume wake, akanunua kompyuta nne zilizotumika na friji ya soda. Alikuwa na tabia moja ambayo Bwanaheri hakuitilia maanani. Wateja walipoondoka na kuacha kurasa wazi, yeye alikaa akazisoma.

"Bwanaheri, mdogo wangu," alimwambia mchana mmoja, "stoo yangu imejaa mabati mpaka sipati pa kuweka kreti za soda. Ni ya nani?"

"Ni yangu, dada. Ya nyumba yangu ya Mtawanya."

"Nyumba yako ina ghorofa ngapi?"

"Dada nawe."

"Nauliza tu. Maana kwa bati hili unaweza kuliezeka na soko." Alifungua soda, akampa. "Ukitaka kuuza linalozidi, mjomba wangu Nanyamba ananunua. Msimu huu watu wa kule wana fedha. Nenda kamwone, mwambie nimekutuma mimi."

Hapa Bwanaheri alifanya kosa lake. Bati la nyumba yake lilikuwa tayari. Fundi alikuwa amekaa Mtawanya na misumari yake, akimsubiri. Mtu mwingine angepakia linalomtosha, akaezeka, akaoa, akanyamaza. Lakini Bwanaheri alikwisha kuanza kufikiria baraza, jiko la nje, baiskeli ya kumpeleka Zulfa Mikindani, na baada ya baiskeli alifikiria pikipiki. Aliona si busara kugawa mzigo kabla ya kujua bei. Akapanda gari la Nanyamba.

Mjomba alimpokea kwa furaha kubwa. Alimchinjia kuku. Alimpeleka kuona mikorosho mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa na historia yake. Kila Bwanaheri alipotaja bati, mjomba alisema, "Tutafika huko, mkwe," ingawa hawakuwa na ukwe wowote. Jioni ya siku ya pili alisema bei wataizungumza asubuhi. Asubuhi alimwuliza, "Umekuja na bati la mfano?"

"La mfano? Bati ni bati, mjomba."

"Mimi sinunui kitu nisichokigonga. Rudi na moja, nilisikie mlio wake."

Bwanaheri alirudi mjini kwa lori la korosho, akiwa ameketi juu ya magunia na kumtukana mjomba kwa adabu, yaani kimoyomoyo. Walipokaribia Mtawanya alisikia ngoma. Upande wa pili wa Mtawanya, mbali na kiwanja chake, palikuwa na shule ya msingi ambayo upepo wa mwaka jana uliivua paa la madarasa mawili. Uwanja wa shule ulijaa watu. Juu ya madarasa mafundi walikuwa wakigongelea bati, na mmoja wao alikuwa fundi wake mwenyewe. Bati la darasa la kwanza lilikuwa la buluu.

Aliruka kutoka kwenye lori kabla halijasimama vizuri.

"Huyo hapo! Mfadhili wetu amefika!" kilisema kipaza sauti.

Mikono ilimshika, ikampeleka mbele, ikamketisha kwenye kiti chenye kitambaa. Bi Mwaisha alikuwa mstari wa mbele, amevaa miwani ya jua na gauni la sherehe. Alimpungia kidogo. Afisa mmoja wa serikali, mwenye suti ya kaki, alikuwa ameshika karatasi.

"Ndugu wananchi," alisema afisa, "sisi tumeweka kisanduku cha Maoni kwenye tovuti. Kwa muda wote tangu hapo tulipata ujumbe mmoja wa mtu anayetafuta ng'ombe wake. Juzi tukapata wa pili. Nausoma. 'Mimi Bwanaheri, kijana wa Mtawanya, nimetumia tovuti ya serikali na nimefaidika mno. Nimeona nami nirudishe msaada. Ninayo mabati katika stoo ya Bi Mwaisha, aliyeruhusiwa kuyakabidhi nikiwa safarini. Naomba yaezekwe shuleni. Sitaki kutangazwa.' Kwa unyenyekevu huo, tumeona tumtangaze."

Watu walipiga vigelegele. Bwanaheri aliinuka ili aseme, mikono ikamketisha tena. Hakuna mtu mjini aliyewahi kuamini kwamba upande wa pili wa kisanduku kile alikaa mtu anayesoma. Hata yeye, Mtaalamu, hakuamini.

Katikati ya umati aliwaona wateja wake. Mzee Abdulmalik alisimama akiwa amelikodolea macho bati la buluu. Bi Helena alimshika mkono wa kanzu.

"Lile bati langu," alisema Mzee kwa sauti iliyosikika.

"Una neno, Mzee?" aliuliza afisa. "Karibu. Ila kwanza nimalize hili. Tumepata habari kwamba katika mji huu wapo wenye majumba wanaojidai maskini ili wapate misaada isiyo yao. Wengine wameezua nyumba kabisa! Hao tunawatafuta kwa majina. Haya, Mzee wangu, ulikuwa unasema nini kuhusu bati?"

Hata mafundi waliacha kugonga. Mzee Abdulmalik alimtazama afisa, akalitazama bati, akamtazama Bwanaheri kwa namna ambayo Bwanaheri aliikumbuka siku nyingi.

"Nangu nilitaka kusema neno moja tu," alisema. Akavuta pumzi. "Takbiri!"

"Allahu Akbar!" ulijibu umati, na aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote ni Bi Helena, Mkatoliki.

Bwanaheri alipewa hati ya shukrani ndani ya fremu. Alipokuwa akishuka nayo, alikumbatiwa kwa nyuma. Alikuwa Mzee Omari wa Mikindani, machozi yakimlengalenga.

"Mwanangu, nilikudhania vibaya. Nilisema huyu ni mtu wa maneno. Kumbe unaezekea watoto wa watu! Mtu wa namna hii kwake atakuwa ameweka vigae."

"Baba, nyumba bado..."

"Usiniambie. Unyenyekevu umetosha. Keshokutwa, baada ya swala ya Ijumaa, nakuja na wazee wa Mikindani kuiona. Zulfa nimekwisha kumwambia."

Upande wa baharini wingu lilikuwa limeanza kupanda, zito, lenye rangi ya moshi wa kubangulia korosho.

Bwanaheri alitembea mpaka mjini, fremu kwapani. Mbele ya kafe alisimama. Pale palipokuwa na jua tupu sasa palikuwa na baraza jipya, safi, lenye benchi la wageni. Paa lake lilikuwa la buluu. Juu ya mlango kulikuwa na kibao kilichopakwa rangi mbichi: HAPA TUNASAIDIA WANANCHI KUTUMIA TOVUTI YA SERIKALI. Bi Mwaisha alikuwa ameketi kivulini, amevua viatu vya sherehe.

"Dada," alisema Bwanaheri, "hilo ni nini?"

"Baraza. Yule afisa wa suti ya kaki kasema wageni wote wa tovuti waletwe kwangu. Nimeona wasinyeshewe."

"Hilo ni bati langu."

"Lako? Wewe si umechangia? Nimekusikia kwa kipaza sauti."

"Sikusema neno pale!"

"Ndiyo maana watu wamekupenda."

Bwanaheri aliketi kwenye benchi. Alijaribu hasira, haikumkaa. Alijaribu huruma. "Dada Mwaisha, mimi nitaoa. Umenifanyia nini?"

"Nimekusaidia, mdogo wangu. Mwezi mzima unawauzia watu neno moja kwenye kompyuta yangu, kwa umeme wangu, ukizima ekstensheni yangu kwa kiatu chako. Nikasema basi na mimi nilitumie, kwenye Maoni." Alijipepea kwa kipande cha boksi. "Na watu wako wamekuja. Abdulmalik na yule mjane mwenye mume. Wanauliza bati lao na msaada wao vitatoka lini."

"Umewajibu nini?"

"Nimewajibu kiserikali. Maombi yenu yanashughulikiwa."

Ngurumo ilipita juu ya bandari. Bwanaheri alitazama wingu, akatazama upande wa Mtawanya. "Nisaidie," alisema, na safari hii neno hilo halikuwa na ujanja wowote ndani yake.

Bi Mwaisha alinyoosha mkono kuelekea ndani. "Kompyuta ya pili iko wazi. Leo sikutozi."

Kwa kukosa pengine pa kwenda, aliingia. Ukurasa ulikuwa umefunguliwa tayari. Aliweka kiatu mbali na ekstensheni, akashika kipanya, na akakibonyeza kitufe ambacho mji mzima uliezua nyumba kwa ajili yake. Maandishi yalijitokeza, machache, yenye adabu. Yalimkaribisha mgeni. Yalimweleza jinsi ya kukuza herufi na jinsi ya kutuma maoni. Mstari wa mwisho ulisema: Ukipotea wakati wowote, bonyeza neno Nyumbani.

Bwanaheri aliusoma mstari huo mara mbili. Nje, tone la kwanza liligonga bati la buluu, kisha la pili, kisha paa zima likaanza kupiga kelele kama uwanja wa shule.

"Dada!" aliita kwa nguvu ili asikike. "Makuti yanapatikana wapi?"

"Makuti?" Bi Mwaisha alivuta benchi lake ndani kidogo, ingawa baraza halikuvuja. "Hayapo mji mzima. Wenye majumba wameyamaliza."